Maneno Yenye Visa: Toka Uchina Hadi Newala

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani hivi leo,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu. Amenipa ruhusa ya kuandika jambo lolote nilijualo, ila nisisimulie tena ile mechi yetu ya mpira, kwani kila mwaka sisi wazee huongeza bao moja. Nimetii. Nimechagua kuandika juu ya misemo iliyotokana na visa vya kale, pamoja na maana zake. Nitaanzia mbali, huko Uchina, kisha nitarejea nyumbani, hadi ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale ambapo wengi wetu tulizoea kukaa Jumapili jioni tukilitazama bonde la Ruvuma.

Ninayo sababu ya kuanzia Uchina. Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya ukarani wa ghala katika ujenzi wa Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Kambini kwetu, upande wa Mlimba, alikuwako mkalimani mmoja kijana wa Kichina aliyejifunza Kiswahili kwao Peking. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, safi kuliko changu. Siku moja kila kitu kilikuwa tayari kwa kazi, vijana wamejipanga, vifaa viko chini, lakini lori la saruji halijafika. Yule ndugu akatazama barabara, akasema kwamba sasa kilichobaki ni upepo wa mashariki tu. Sisi tukatazama juu tukidhani anazungumzia mvua. Akacheka, na jioni ile akatueleza kisa chake. Kuanzia hapo kila jioni tulimdai kisa kingine.

Visa vile karibu vyote vimo katika kitabu kimoja kikubwa, hadithi ya Falme Tatu, kinachosemekana kutungwa na Luo Guanzhong katika karne ya 14. Kinasimulia mambo ya kweli ya zamani zaidi. Dola ya Han ilianguka mwaka 220, na nchi ikagawanyika katika falme tatu, Wei, Shu na Wu, zikapigana mpaka Uchina ilipounganishwa tena mwaka 280. Wachina wengi ambao hawakupata kukisoma kitabu chenyewe huijua misemo yake, kama vile sisi tunavyojua methali bila kumjua mtungaji.

Basi sikilizeni kisa cha upepo. Mwaka 208, Cao Cao, mtawala wa kaskazini, alishuka kusini na jeshi kubwa. Mabwana wawili wa kusini, Sun Quan na Liu Bei, wakaungana kumzuia katika mto Yangtze, mahali paitwapo Majabali Mekundu. Meli za Cao Cao zilikuwa zimesongamana pamoja, na watu wa kusini wakaazimia kuzichoma moto. Mitumbwi ya kuwashia ilikuwa tayari, nyasi kavu na mafuta vilikuwa tayari. Lakini ulikuwa wakati wa baridi, na pepo za majira yale haziendi upande wa adui. Kwa mujibu wa hadithi, jemadari wa kusini aliugua kwa wasiwasi, hata mshauri wa Liu Bei aitwaye Zhuge Liang akaitambua dawa ya maradhi yake, akapanda juu ya madhabahu na kuuomba upepo wa mashariki, nao ukaja. Meli zikateketea. Tangu hapo kazi yoyote iliyokamilika isipokuwa kwa jambo moja husemwa kwamba inangojea upepo wa mashariki. Sisi wakulima wa uwanda huu tunaelewa vizuri. Shamba limefyekwa, mbegu zimechaguliwa, jembe limenolewa, na macho yote yako mawinguni.

Msemo wa pili ni wa mishale ya kukopa. Zhuge Liang aliagizwa atengeneze mishale 100,000 kwa siku kumi. Yeye akaahidi kuileta kwa siku tatu. Akachukua mashua, akazizungushia mafungu ya majani makavu, akaenda nazo usiku mpaka karibu na kambi ya adui wakati wa ukungu mzito, ukungu kama ule wa Newala mwezi wa Juni ambao mtu haoni mlango wa bweni la pili. Akaamuru ngoma zipigwe. Adui wakaogopa kutoka, wakafyatua mishale gizani, na mishale yote ikanasa katika majani. Asubuhi akarudi na mzigo wake. Maana ya msemo ni kumfanya adui akupe silaha uliyopungukiwa.

Msemo wa tatu ni wa Cao Cao mwenyewe. Wachina husema ukimtaja Cao Cao, Cao Cao huyo amefika. Nasi husema, umtajapo nyoka, shika fimbo mkononi. Wa nne unasema washona viatu watatu, japo ni watu wa kawaida, wakiweka akili zao pamoja humfikia Zhuge Liang mmoja. Huu yule mkalimani aliupenda sana, akawa akiutaja kila mara mafundi wetu walipokwama daraja fulani wakakaa chini kushauriana. Nasi tulimjibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Laiti ningeishia hapo, makala haya yangekuwa ya kufurahisha tu. Lakini baadaye nilikuja kusoma historia yenyewe ya nyakati zile, nikakuta mambo mengine. Ule ujanja wa mishale haupo katika habari za kweli za Zhuge Liang. Kumbukumbu moja ya kale inasema kwamba mwaka 213 Sun Quan mwenyewe alikwenda kupeleleza kambi ya Cao Cao kwa mashua. Mishale ikapiga ubavu mmoja wa mashua mpaka ikainama, naye akaigeuza ili mishale ipige ubavu wa pili, mashua ikae sawa, akaenda zake. Mtunga hadithi amelichukua tendo la mtu mmoja akampa mwingine ampendaye. Tena moto wa Majabali Mekundu ulipelekwa na nahodha Huang Gai, aliyejifanya anakwenda kujisalimisha, na upepo siku ile ulivuma bila madhabahu. Hata Cao Cao, ambaye hadithi imemfanya mwovu, alikuwa mtunga mashairi mzuri na mtawala aliyewapa askari na wakimbizi mashamba ya kulima wakati wa njaa.

Mwanachuoni mmoja wa Kichina wa karne ya 18, Zhang Xuecheng, alisema kitabu kile ni mafungu saba ya kweli na mafungu matatu ya kubuni, na akalalamika kwamba mchanganyiko huo huwavuruga wasomaji. Mimi nimeuchukua mzani huo wa saba na tatu nikaja nao nyumbani, nikaanza kuipima misemo yetu wenyewe. Hebu tuupime pamoja.

WOSIA WA MAHUTA

Kila mtoto wa Kimakonde wa rika langu alisikia kisa cha asili yetu. Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikisikia pia alipofika Newala na Mahuta mwaka 1906, akakiandika katika kitabu chake kilichotoka 1908. Kisa ni hiki. Hapo kale karibu na Mahuta palikuwa na kichaka kitupu. Akatoka humo mtu ambaye hakupata kuoga wala kunyoa nywele. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani kwake, na usiku ile sanamu ikawa mwanamke hai. Wakashuka wote wawili mto Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akajifungua mtoto, akawa amekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa amekufa. Wakarudi juu uwandani, na wa tatu akaishi. Ndipo mzee yule akawausia wanawe wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji, mwendo wa saa moja au zaidi.

Mjomba wangu alinisimulia hayo nikiwa mdogo, na aliyahitimisha kwa kugonga fimbo chini, maana yake hapana mjadala.

Mwaka 1967, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa historia alitupa insha: kwa nini wazee wetu waliishi mbali na maji? Niliandika kurasa nne. Niliandika wosia wa Mahuta. Niliandika kwamba mabondeni kuna mbu na homa. Niliandika pia kwamba mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa na za vita, kwani mwaka 1882 Wangoni waliishambulia Masasi, ambako misioni ya UMCA ilikuwa imewaweka watumwa waliokombolewa tangu 1876, na watu wengi wa nchi hii walitafuta usalama katika vichaka vya juu. Nilipata alama nyingi kuliko darasa zima. Likizo ilipofika nikaichukua insha yangu mpaka nyumbani ili nimsomee mama.

Nilimkuta ndiyo kwanza anafika kutoka bondeni. Alikuwa ametoka alfajiri, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Mradi wa maji wa Makonde ulikuwa umeanza kusukuma maji toka bondeni tangu miaka ya 1950, lakini bomba halikuwa limefika kitongojini kwetu. Akatua mtungi, akakaa kivulini chini ya mkorosho, akanyoosha miguu. Nikamsomea kurasa zote nne kwa sauti ya darasani. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza:

"Mwanangu, huyo mzee aliyesema tukae mbali na maji, maji yake yeye alikuwa akitekewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akanitia maji katika kata, akanipa ninywe.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu. Akacheka sana, kisha akaacha kucheka, akaliandika lile swali ubaoni, na kipindi kizima tukabishana. Nakumbuka hatukuafikiana. Baadhi yetu tulisema wosia ule uliokoa maisha, kwa hiyo taabu ya maji ilikuwa bei halali. Wengine wakasema bei hiyo ililipwa na upande mmoja tu wa nyumba. Leo ninaona pande zote mbili zilisema kweli. Wosia ulikuwa dawa katika nyakati za vita na homa. Vita vilipokwisha dawa ikaendelea kunywewa, na aliyeinywa kila siku alfajiri alikuwa mama. Mabomba yaliyoongezwa miaka ya 1970 na baada yake, pamoja na msaada wa wataalamu wa Finland, yalibadilisha maana ya msemo ule kuliko insha yoyote.

BARUA YA MACHEMBA

Msemo wa pili wa kwetu haukutoka katika ngano. Umeandikwa kwa wino. Luagala, ambayo leo iko wilaya ya Tandahimba iliyomegwa kutoka Newala yetu, alikaa Machemba, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1890 kamishna wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alimtaka ajisalimishe. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Kwa ufupi alisema ameyasikia maneno yake na haoni sababu ya kumtii. Kama anataka urafiki, yeye yu tayari siku zote, lakini kuwa chini yake hawezi. Kila mmoja ni mtawala katika nchi yake, na wote ni viumbe wa Mungu. Yeye haendi, na mwenye nguvu aje amchukue.

Wajerumani walituma majeshi zaidi ya mara moja, na misitu ya uwanda huu ikawashinda. Wakafanya naye mapatano. Mwaka 1899 walirudi kwa nguvu kwa ajili ya kodi, na Machemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Barua imebaki. Imenukuliwa katika vitabu vya historia vya nchi nyingi, na mtu asomaye maneno yale hujisikia amesimama wima.

Tukiupima msemo huu, tunakuta barua ni ya kweli tupu, mafungu yote kumi. Lakini msomaji ndiye anayeweza kubuni, kwa kumfanya Machemba malaika. Alikuwa pia bwana wa misafara, na misafara ya siku zile ilibeba pembe za ndovu na mpira, ikauza na watu. Aliyekataa kuwa chini ya mwingine alikuwa na watu chini yake ambao hawakuulizwa. Je, hilo linaifuta barua? La, hasha. Neno la haki ni la haki hata likitoka kinywani mwa mtu mwenye lawama. Ila hapana budi tulisome pamoja na swali la mama: mizigo ya msafara ilikuwa ikibebwa na nani?

NENO MOJA TU

Msemo wa tatu ni neno moja, maji. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, akisema yatageuza risasi za Wajerumani. Vita vilianza Julai katika milima ya Umatumbi, na Agosti Kinjikitile akanyongwa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumtoka mwenyewe, likasafiri lenyewe kusini na magharibi. Mwezi ule ule misioni ya Masasi ikachomwa moto. Vita vilipokwisha 1907, waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa na wanahistoria kati ya 75,000 na 300,000.

Wengi wenu mmesoma mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliotoka 1969. Mtungaji mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Hata hivyo nimewasikia watu wazima wakijadili maneno ya mchezo ule kana kwamba yalisikiwa Ngarambe. Hayo ndiyo mafungu matatu ya yule mwanachuoni wa Kichina. Na maana ya neno lenyewe ina pande mbili ambazo hazitengani. Neno lilidanganya juu ya risasi. Neno hilo hilo liliunganisha makabila yasiyosikilizana lugha, hata Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliwataja watu wale kama waliokataa kutawaliwa. Anayefundisha upande mmoja tu amefundisha nusu.

Ndugu vijana, hamjui mna bahati gani. Mtihani unawataka mkamilishe methali, nanyi mnaikamilisha. Nawaomba mfanye zaidi ya mtihani. Kila mkikutana na msemo, ulizeni mambo matatu. Kisa chake ni kipi? Katika kisa hicho, kipi kilitokea na kipi kimeongezwa na msimulizi? Na mzigo wa msemo huo aliubeba nani?

Nasi wanafunzi wa zamani tunalo deni. Mjomba wangu alikuwa na msemo mmoja aliokuwa akiutamka kila alipotuaga. Maneno yake ninayakumbuka yote. Kisa chake sikumwuliza, kwa kuwa nilidhani nitamwuliza likizo ijayo, na likizo ijayo mimi nilikuwa relini. Alifariki 1983. Nimekwisha kuwauliza wazee wa vijiji vitatu, hakuna ajuaye. Nimebaki kama mtu aliyeshika ganda la korosho, na kiini kimekwisha kuliwa na wakati.

Kwa hiyo natoa ombi. Kila mmoja anayekuja mkutanoni aje na msemo mmoja wa kwao, awe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera, pamoja na kisa chake na jina la kijiji alikousikia. Tuuandike katika daftari moja, tulikabidhi maktaba ya shule. Mimi nitaanza na swali la mama. Halijawa msemo bado, lakini nimelisikia likirudiwa na wajukuu zangu, ambao wanafungua bomba na hawajui mtungi unavyolemea shingo wakati wa kupanda mlima.

Nakomea hapa, na tuonane salama.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
kidato cha nne, 1969